Kutubu, Kujuta na Kuokoka: Uchambuzi wa Maana ya Toba ya Kweli na Wokovu katika Kiswahili cha Wakristo

Ikisiri

Makala hii inachunguza maana ya vitenzi tubu, juta, okoa na okoka kama vinavyotumiwa katika Kiswahili cha Wakristo wa Afrika ya Mashariki. Hoja kuu ni kwamba mafundisho ya Kikristo kuhusu toba ya kweli na wokovu yamegawanywa na sarufi ya Kiswahili katika vitenzi viwili vyenye tabia tofauti: tubu, kitenzi ambacho humdai msemaji ataje alichokiacha na anayemrudia, na okoka, kitenzi kinachotaja hali ya mtu bila kumtaja mtenda. Inaonyeshwa kwamba pale okoka inapotumiwa peke yake, bila kusindikizwa na tubu, sehemu kubwa ya mafundisho hupotea njiani. Data zimetokana na tafsiri za Biblia, matumizi ya kawaida ya lugha, na historia ya Uamsho wa Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1929.

1.0 Utangulizi

Swali "Je, umeokoka?" ni la kawaida miongoni mwa wasemaji wengi wa Kiswahili. Huulizwa kwenye mikutano ya injili viwanjani, wodini na ndani ya mabasi, na jibu linalotarajiwa ni fupi: ndiyo, au bado. Swali "Je, umetubu?" ni la nadra zaidi. Likiulizwa, aghalabu huzaa maswali mengine: Nimetubu nini? Kwa nani? Tofauti hii yaweza kudhaniwa kuwa ni ya adabu au ya desturi za madhehebu. Makala hii inadai kuwa kwa sehemu kubwa ni tofauti ya sarufi. Kitenzi okoka hakihitaji kijalizo chochote ili maana yake itimie, na kitenzi tubu kisipopewa vijalizo huacha pengo ambalo msikilizaji hutaka lizibwe.

Umuhimu wa jambo hili hauishii katika isimu. Mafundisho ya Kikristo hushikilia kwamba hakuna wokovu usioambatana na toba. Injili ya Marko inapoanza kueleza mahubiri ya Yesu (1:15), amri ya kutubu na amri ya kuamini zimewekwa pamoja. Basi ikiwa lugha ya waumini inarahisisha kutangaza wokovu na inafanya toba iwe ngumu kutamkwa kikamilifu, ni wajibu wa mwanaisimu kuonyesha mahali ambapo uzito umehama.

Makala imegawanyika katika sehemu tano baada ya utangulizi huu. Sehemu ya pili inaeleza asili ya istilahi hizi. Ya tatu inalinganisha tubu na juta. Ya nne inachambua okoka na okolewa. Ya tano inaangalia historia ya neno mlokole na mtihani uliolipata fundisho la toba nchini Rwanda. Ya sita ni hitimisho.

2.0 Asili ya Istilahi

Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo, hakuikuta lugha isiyo na msamiati wa dini. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutumiwa na Waislamu kwa karne nyingi kueleza uhusiano wa mja na Mungu. Watafsiri waliofuata, akiwamo Askofu Edward Steere wa Unguja, waliurithi msamiati huo. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, ya Kimvita mwaka 1914, na tafsiri ya pamoja ya Kiswahili Sanifu, yaani Union Version, mwaka 1952. Katika tafsiri hii ya mwisho maneno dhambi, toba, imani na neema yote yana asili ya Kiarabu. Karl Roehl alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu katika Biblia yake ya mwaka 1937, lakini waumini wengi waliendelea kutumia msamiati waliokwisha kuuzoea.

Neno wokovu limetoka kwingine. Kiswahili kilikuwa na maneno ya Kiarabu yaliyokaribia dhana hii, mathalani nusuru na salimika, lakini lililochaguliwa ni la Kibantu, yaani okoa. Hivyo jozi ya dhana kuu za mahubiri ya Kikristo ni mseto: toba imetoka upande wa Kiarabu, na wokovu upande wa Kibantu. Kila moja imekuja na sarufi yake.

Kimofolojia, nomino wokovu ina jambo la kuangaliwa. Vitenzi vyenye irabu mbili mwishoni huzaa nomino za hali kwa kuongezewa -vu: tulia huzaa utulivu, vumilia huzaa uvumilivu, potoa huzaa upotovu. Okoa nayo, kwa kanuni hiyohiyo, huzaa wokovu. Kwa umbo lake, basi, nomino hii inataja hali aliyo nayo mtu. Tendo lenyewe la kuokoa lina nomino nyingine, uokoaji, ambayo leo hutumiwa zaidi kwa vikosi vya zimamoto na wazamiaji kuliko kwa Mungu. Aliyefanya tendo hilo yumo katika mwokozi. Tangu katika uundaji wa maneno, kwa hiyo, Kiswahili cha ibada kimetenga hali ya aliyeokolewa na kazi ya aliyeokoa.

3.0 Kutubu na Kujuta

3.1 Jaribio la Maana

Vitenzi tubu na juta hutumiwa na wasemaji wengi kana kwamba ni visawe. Tuangalie sentensi hizi:

(1) a. Juma amejuta, lakini bado anaiba.
b. Juma ametubu, lakini bado anaiba.

Sentensi (1a) haina utata. Mtu aweza kuumia moyoni kwa ajili ya wizi wake na kesho akaiba tena. Sentensi (1b) inakwaruza. Msikilizaji wa Kiswahili akiisikia huelekea kuisahihisha kwa kusema: basi hakutubu. Hii ina maana kwamba kuacha kosa ni sehemu ya maana ya msingi ya tubu, na si sehemu ya maana ya juta. Methali nazo zinakubaliana na mgawanyo huu. Majuto ni mjukuu, huja kinyume: yaani hufuata nyuma ya tendo na hayabadilishi kitu. Methali isemayo kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, haikutaja neno toba, lakini inaeleza kiini chake.

Hapa linazuka swali. Ikiwa kuacha kosa kumo tayari ndani ya tubu, kwa nini wahubiri hulazimika kusema "toba ya kweli"? Kivumishi hiki kingekuwa cha ziada kama kitenzi kingekuwa bado na nguvu zake zote. Jibu ni kwamba tubu imepata maana ya pili, ya kutamka maneno fulani. Mtu "huongozwa sala ya toba" mbele ya mkutano; akiisha kuyatamka maneno, husemwa kuwa ametubu. Kwa maana hii ya pili, sentensi (1b) haikwaruzi hata kidogo. Kiswahili cha Wakristo kina toba mbili: toba-tamko na toba-tendo. Kirai "toba ya kweli" ni jitihada ya lugha kuirudisha ya pili pale ambapo ya kwanza imechukua nafasi yake.

3.2 Viambajengo vya Toba

Kitenzi cha Kiarabu taba, ambacho ndicho asili ya tubu, kina maana ya kurudi. Katika Kiarabu kitenzi hiki husemwa kwa mja na kwa Mungu pia, kwa kubadili kihusishi: mja humrudia Mungu, na Mungu humrudia mja kwa rehema. Mojawapo ya majina ya Mungu katika Uislamu, At-Tawwab, limetokana na mzizi huo. Kiswahili kimechukua upande mmoja tu. Haiwezekani kusema kwamba Mungu ametubu kwa mja; husemwa kwamba Mungu amepokea toba yake. Safari ya pande mbili imekuwa safari ya upande mmoja yenye mpokeaji mwishoni.

Hata hivyo wazo la safari limebaki. Wanazuoni wa Kiislamu hutaja masharti ya toba: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na, ikiwa kosa linahusu haki ya mtu, kumrudishia haki yake. Masharti haya yamefundishwa katika madarasa ya pwani kwa muda mrefu, na yamo katika masikio ya msemaji wa Kiswahili asikiapo "toba ya nasuha". Inafaa kutambua kwamba majuto ni sharti mojawapo miongoni mwa mengine, hayajitoshelezi.

Agano la Kale la Kiebrania lina kitenzi shuv, ambacho pia maana yake ni kurudi au kugeuka. Katika Kigiriki cha Agano Jipya hutumika metanoeo, chenye wazo la kugeuza nia. Katika Injili ya Luka (3:10-14), watu wanaomjia Yohana Mbatizaji wanauliza wafanye nini. Majibu wanayopewa hayafanani. Mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu, waridhike na mishahara yao. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa ahuzunike. Kila mmoja alielekezwa mahali ambapo kazi yake inamgusa mtu mwingine.

Habari za Zakayo (Luka 19:1-10) zinakwenda katika mkondo huo. Mtoza ushuru mkuu wa Yeriko anaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne yeyote aliyemdhulumu. Kiwango cha mara nne kinakumbusha sheria ya mwizi wa kondoo katika Kutoka 22:1. Ni baada ya ahadi hiyo ndipo Yesu anatamka kuwa wokovu umefika katika nyumba ile. Mpangilio wa masimulizi hausemi kwamba Zakayo aliununua wokovu. Yesu ndiye aliyeanza kwa kumwita ashuke mtini. Unasema kwamba wokovu ulipofika ulionekana katika hesabu za fedha, na waliodhulumiwa waliingia katika habari ile kama washiriki wenye haki.

Kutokana na data hizi, toba-tendo yaweza kuelezwa kuwa na viambajengo vinne: mtenda anayegeuka, kosa linaloachwa, anayerudiwa, na aliyekosewa. Kiambajengo cha nne ndicho kinachoachwa mara nyingi zaidi katika matumizi ya leo. Sentensi "Ametubu dhambi zake kwa Mungu" ina viambajengo vitatu na inasikika kuwa imekamilika. Aliyeibiwa hayumo.

3.3 Mfano wa Yuda

Mfano wa Yuda Iskariote unaweza kuletwa kama pingamizi. Katika Mathayo 27:3-5, Yuda anakiri kosa na kurudisha vipande thelathini vya fedha, kisha anajinyonga. Mtu atauliza: je, huku si kurudisha? Kigiriki kimetumia hapa metamelomai, na tafsiri ya 1952 imetumia juta. Tofauti ya vitenzi hivi viwili vya Kigiriki isikuzwe kupita kiasi, maana katika mfano wa wana wawili (Mathayo 21:28-32) metamelomai inatumika kwa mwana aliyekataa kwanza, kisha akaenda kufanya kazi. Ufafanuzi unapatikana vizuri zaidi katika viambajengo. Yuda alirudisha fedha kwa waliompa. Hakumrudia yule aliyemsaliti. Petro naye alimkana Yesu mara tatu, akalia kwa uchungu. Lakini katika Yohana 21 anaonekana akikabiliwa na yule aliyemkana, na kuulizwa mara tatu. Wote wawili walijuta. Mmoja alirudi.

3.4 Ugomvi wa Zamani wa Tafsiri

Kiswahili si lugha ya kwanza kusumbuliwa na jambo hili. Biblia ya Kilatini ilitafsiri amri ya kutubu kwa maneno poenitentiam agite, ambayo yaliweza kueleweka kuwa ni amri ya kutekeleza kitubio kilichoagizwa na padri. Erasmus, aliyetoa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, aliihoji tafsiri hiyo. Martin Luther, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517, alidai kwamba Kristo alitaka maisha yote ya waamini yawe ya toba. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulijibu kwa kufafanua kwamba matendo ya mwenye kutubu ni majuto, maungamo na malipizi.

Kiswahili kimehifadhi pande zote mbili za ugomvi huo katika msamiati wake. Wakatoliki husema kitubio wanapotaja sakramenti, neno lililoundwa kutokana na tubia kwa kiambishi ki-, na hubakiza malipizi kuwa istilahi hai. Waprotestanti husema toba na hawana istilahi maalumu kwa sehemu ya kulipa. Haimaanishi kwamba Waprotestanti hawafundishi kulipa. Maana yake ni kwamba kwao jambo hilo halina jina, na jambo lisilo na jina husahauliwa upesi.

4.0 Okoka na Okolewa

4.1 Kauli ya Kutendeka

Kitenzi okoa, katika matumizi ya kawaida, ni kumtoa mtu au kitu katika hatari. Tuangalie:

(2) a. Wavuvi walimwokoa mtoto.
b. Mtoto aliokolewa na wavuvi.
c. Mtoto aliokoka.
d. *Mtoto aliokoka na wavuvi.

Sentensi (2d) yaweza kukubalika tu kwa maana kwamba wavuvi nao waliokuwa hatarini walinusurika pamoja na mtoto. Haiwezi kumaanisha kuwa wavuvi ndio waliomtoa majini. Hii ni tabia ya kawaida ya kauli ya kutendeka: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka. Mtenda huondolewa kabisa katika muundo. Katika kauli ya kutendwa, kama (2b), hata mtenda asipotajwa nafasi yake ipo. Msikilizaji anajua kwamba yuko aliyefanya.

Fundisho la Kikristo linasisitiza kwamba mtu hajiokoi. Kauli ya kutendwa inalieleza fundisho hili moja kwa moja. Kauli ya kutendeka hailikanushi, ila hailisemi. Asemaye "Nimeokoka" anasema ukweli kuhusu hali yake na kunyamaza kuhusu aliyeisababisha.

Watafsiri wa 1952 walitumia kauli zote mbili. Nabii Yoeli (2:32) anatoa ahadi kwa kila aliitaye jina la Bwana. Ahadi hiyo inarudiwa katika Agano Jipya mara mbili kwa kitenzi kilekile cha Kigiriki na katika umbo lilelile. Katika Matendo 2:21 tafsiri inasema ataokolewa. Katika Warumi 10:13 inasema ataokoka. Katika Yoeli kwenyewe imetumika ataponywa. Kitenzi sozo cha Kigiriki chenyewe kina upana huo wa kuokoa na kuponya. Yesu anamwambia mwanamke wa Luka 7:50 na yule wa Luka 8:48 maneno yaleyale kuhusu imani yao; katika Kiswahili wa kwanza imani yake imemwokoa, wa pili imani yake imemponya. Msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba wanawake hawa wawili, mmoja mwenye dhambi na mmoja mgonjwa, waliambiwa neno moja.

4.2 Njeo na Hali

Jambo la pili ni kiambishi -me-. Kikiambatana na vitenzi vya hali, hutaja hali iliyopo sasa: amelala, amesimama, amechoka. Hivyo "ameokoka" haitaji tukio pekee. Humpanga mtu katika kundi. Kikanushi chake, "hajaokoka", humpanga katika kundi la pili, la wale wanaongojewa.

Agano Jipya halikuusimamisha wokovu katika wakati mmoja. Warumi 8:24 hutumia wakati uliopita, na tafsiri ya 1952 inasema tuliokolewa. Waefeso 2:8 hutumia hali timilifu: mmeokolewa. Wakorintho wa Kwanza 1:18 hutumia wakati uliopo: tunaookolewa. Mathayo 24:13 hutumia wakati ujao kwa yule avumiliaye hadi mwisho: atakayeokoka. Watafsiri walizitunza njeo zote nne kwa uaminifu. Matumizi ya kila siku yamebakiza moja. Ni nadra kumsikia muumini akisema "ninaokolewa", na akisema hivyo wenzake watadhani ana mashaka.

Tubu ina tabia tofauti. "Nimetubu" haiwi hali ya kudumu kama "nimesimama". Ni tukio ambalo kesho laweza kuhitajika tena. Ndiyo sababu "hutubu kila siku" ni sentensi ya kawaida, na "huokoka kila siku" inachekesha. Sarufi yenyewe, basi, ingemruhusu muumini kuwa na hali moja inayodumu na tendo moja linalorudiwa, kama vifundishavyo vitabu vya imani. Tatizo huzuka pale hali inapoliondolea tendo nafasi.

5.0 Walokole, Waliookoka na Walionusurika

5.1 Uamsho

Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda. Kutokana na urafiki wao, na kazi ya watu kama Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyefariki mwaka 1936, ulianza Uamsho wa Afrika ya Mashariki. Ulienea Rwanda na Uganda, ukaingia Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930. Wafuasi wake waliitwa kwa Kiganda balokole, kutokana na kitenzi kulokoka, ambacho kwa sura na maana kinalingana na okoka. Kiswahili kikachukua mlokole, walokole na ulokole. Kwa hiyo kundi zima lilipata jina kutokana na kitenzi cha kutendeka.

Hata hivyo walokole wa kwanza hawakuiacha okoka peke yake. Ushuhuda wao ulikuwa na sehemu mbili. Baada ya kusema ameokoka, mtu alitaja kosa kwa jina lake, na mara nyingi alirudisha alichoiba: vifaa vya hospitali, fedha za mwajiri, mali ya jirani. Walikuwa na msamiati wao wa kuendelea: kutembea nuruni, yaani kutoficha kosa mbele ya wenzako, na kuvunjika, yaani kuacha kiburi. Msamiati huu ulikuwa kama kirekebisho cha jina lao. Waliitwa kwa hali, wakaishi kwa tendo linalorudiwa. Wapo waliolaumu maungamo yao ya hadharani kuwa yalipita kiasi na kuwaaibisha wasiohusika. Lawama hizo zina uzito wake. Lakini kiambajengo cha nne, aliyekosewa, hakikusahauliwa.

5.2 Mtihani wa Mwaka 1994

Kitenzi hichohicho kipo katika Kinyarwanda: kurokoka. Kutokana na Kiganda, Wanyarwanda waliwaita watu wa Uamsho abarokore. Kutokana na kitenzi hichohicho, wale walionusurika katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi huitwa abarokotse. Maneno haya mawili yametofautiana kwa silabi ya mwisho. La kwanza ni la walioepushwa na hukumu ya dhambi. La pili ni la walioepuka panga. Kiswahili chaweza kuyatafsiri yote mawili kwa neno moja, waliookoka.

Rwanda ya mwaka 1994 ilikuwa nchi ambayo wengi wa wananchi wake walikuwa Wakristo waliobatizwa, wa madhehebu mbalimbali. Watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 800,000 waliuawa kati ya Aprili na Julai. Wengi waliuawa makanisani walikokimbilia, kama vile Nyamata, Ntarama na Nyarubuye. Wako waumini waliowaficha jirani zao na kuuawa pamoja nao. Wako pia waliokuwa miongoni mwa wauaji. Haitakuwa haki kudai kwamba neno moja lilisababisha mambo hayo, ambayo yana historia ndefu ya kisiasa. Lakini tukio hili lililazimisha swali ambalo lugha ya hali haiwezi kulijibu: aliyesema ameokoka, alikuwa amemgeukia nani?

Mahakama za gacaca, zilizoenea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa mwaka 2012, ziliiweka toba ndani ya sheria. Sheria ya mwaka 2004 iliainisha yapasayo kuwamo katika maungamo ili yakubaliwe: maelezo kamili ya kosa, mahali na wakati lilipotendeka, majina ya walioshirikiana, mahali ilipotupwa miili, mali iliyoharibiwa, na kuomba radhi hadharani kwa waliotendewa, kama wangali hai, na kwa jamii nzima. Mtazamo wa kiisimu unaonyesha kwamba orodha hii ni orodha ya vijalizo. Sheria haikukubali "nimetubu" isiyo na yambwa. Ilidai kosa litajwe kwa jina lake, na aliyekosewa naye awemo.

Wapo watafiti waliobainisha udhaifu wake. Kwa kuwa maungamo yalipunguza adhabu, wengine waliungama ili wapunguziwe, na waliosalia wakaombwa msamaha na watu ambao hawakuona kwao mabadiliko yoyote. Toba-tamko iliweza kujificha hata ndani ya maelezo marefu. Pamoja na hayo, kwa familia nyingi ilikuwa njia ya kujua ndugu zao walizikwa wapi, wakawafukua na kuwazika kwa heshima. Maneno yaliyotamkwa kwa hesabu ya miaka ya kifungo yaliweza, hata hivyo, kuirudisha mifupa nyumbani. Jambo hili linaonyesha kwa nini kiambajengo cha nne hakitegemei moyo wa mtenda peke yake: aliyekosewa ana haki ya kupewa kilicho chake hata kabla ya kujulikana kama aliyekosa amegeuka kweli.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, juta na tubu si visawe. Kuacha na kurudi ni sehemu ya maana ya tubu, na matumizi ya toba-tamko yamelipunguza neno hili nguvu hata likahitaji kuongezewa "ya kweli". Pili, okoka huificha kazi ya mwokozi na kuugandisha wokovu katika hali moja, ambapo Maandiko yenyewe, hata katika tafsiri ya Kiswahili, yanautaja katika njeo zote. Tatu, historia ya Uamsho na ya Rwanda inaonyesha kwamba okoka hubaki na afya inapoambatana na tubu yenye viambajengo vyake vyote vinne.

Kwa watafsiri, matokeo yake ni kwamba uchaguzi kati ya okoka na okolewa usifanywe kwa kufuata mazoea ya sikio pekee. Pale ambapo matini inasisitiza kazi ya Mungu, kauli ya kutendwa ni aminifu zaidi. Kwa walimu wa dini na waandishi wa katekisimu, ni vyema kufundisha kitenzi tubu pamoja na vijalizo vyake, kama mwalimu wa sarufi anavyofundisha kwamba pa haiwezi kusimama bila mpewaji. Kwa watafiti wa isimu, iko kazi ya kuchunguza namna Kinyarwanda, Kiganda, Kihaya na lugha nyingine za Maziwa Makuu zinavyogawanya dhana hizi, na jinsi ambavyo ulokole umebadilisha maana yake katika Kiswahili cha mijini, ambako neno hili wakati mwingine hutumiwa kwa kejeli.

Swali "Je, umeokoka?" litaendelea kuulizwa, na halina kosa la kisarufi. Lina upungufu wa mtu mmoja tu. Zakayo alipousikia wokovu umefika nyumbani kwake, walikuwapo mjini Yeriko watu waliokuwa wakimdai mara nne.